Wakulima wa Mara Moja

Jumamosi moja, katika kikao chetu cha waandishi mjini Machakos, mshairi mmoja aliniuliza mbele ya wote siku hizi ninaandika nini. Nikasema ninaandika ripoti. Alicheka mpaka ikambidi aweke kikombe chini.

"Ripoti za nini?"

"Za ndengu."

"Yaani wewe dada, uliyetutoa machozi na ile riwaya yako, sasa unaandikia magunia?"

"Magunia hayajui kusoma," nikamjibu. "Ninaandikia watu wanaoamua magunia yatanunuliwa wapi. Na wewe, shairi lako la mwisho liliamua nini?"

Wote waliangua kicheko, na yeye pia, lakini mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimechoka kuonewa huruma. Katika kikao kile kazi ya ofisi huzungumzwa kama malaria: unaipata, unatetemeka kidogo, unapona, unarudi kwenye fasihi. Mimi nilikataa kupona. Nilikuwa nimegundua kwamba sentensi inayoweza kuondoa mizani sokoni ni nzito kuliko sentensi nyingi za riwaya yangu, na kwamba inastahili kufutwa na kuandikwa upya kwa jasho lile lile. Asiyeamini hivyo hajawahi kuona mizani ikiondolewa.

Ofisi yetu iko Athi River, juu ya ghala ambamo ndengu, yaani choroko, husafishwa na kufungwa kwenye mifuko. Ukifungua dirisha unapata vumbi la aina mbili, la ndengu kutoka chini na la saruji kutoka kwa majirani. Ukilifunga unapata joto. Kampuni hununua ndengu kutoka kwa wakulima wadogo kupitia vituo vilivyotawanyika katika masoko ya Machakos. Kivaa kuna kimoja, Muthetheni kuna kingine, na vingine viko huko katikati. Kila kituo ni chumba cha mabati, mizani na karani. Mtu analeta magunia, yanapimwa, karani anaandika jina la aliyeleta na uzito, na taarifa hizo zinatufikia kwenye kompyuta. Kazi yangu ni kuzigeuza ziwe maneno na picha ambazo wakurugenzi wanaweza kuzitumia.

Niliajiriwa kwa sababu nilijua kuandika. Hesabu nilijifunzia hapo hapo. Ripoti niliyoirithi ilikuwa nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ilianza na historia ya kampuni, ikafuata hali ya hewa, yakafuata majedwali, kisha grafu za duara zenye rangi kama sare za shule zote za kaunti zilizokutana kwenye mashindano. Jambo lenyewe lilikuwa mwisho kabisa, mahali ambapo msomaji alikuwa amekwisha kusinzia. Niliuliza ni nani huisoma. Nikaambiwa, "Huwa inawekwa kwa faili."

Basi nikaanza kuikata. Nilimfikiria msomaji wangu kama ninavyomfikiria wa riwaya: ni nani, amekaa wapi, ana nini moyoni. Huyu wa ripoti hajakaa mahali. Husoma amesimama, simu mkononi, chai ikipoa, dereva akimngoja nje. Hana subira ya kusindikiza hadithi hadi mwisho. Kwake yeye mwisho ndio unaotangulia. Kwa hiyo jibu nililiweka kwenye sentensi ya kwanza, sababu zikafuata. Kila grafu niliipa kichwa kinachosema jambo. Badala ya "Uzito kwa kila kituo" niliandika "Kivaa kilinunua zaidi ingawa mvua ilikuwa haba," na grafu isiyoweza kubeba sentensi ya namna hiyo niliitupa. Niliacha kutaja asilimia bila kusema ni asilimia ya nini. Nilijifunza pia kwamba wastani ni blanketi: humfunika mwenye homa na mzima, ukitazama kwa juu huwezi kujua nani anatetemeka.

Meneja wa fedha, ambaye ndiye mkubwa wangu, hakupendezwa. Aliniita "mwandishi" kwa sauti ile ambayo watu humwitia mtoto mdogo "mheshimiwa."

"Mwandishi, hii ripoti imekonda sana. Wakurugenzi watafikiri hatukufanya kazi."

"Wakiisoma watajua tumefanya."

"Haya. Kuwa tu makini. Hapa hatuandiki hadithi."

Lakini niliendelea kukata.

Msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni ule ambao mvua za vuli zilikatika mapema. Ndengu zilitoa maua, jua likazikuta hapo hapo. Kila kituo kilinunua kidogo kuliko kawaida, na wakurugenzi wakasema kituo kimoja lazima kifungwe, mizani yake ihamishiwe karibu na barabara kubwa. Kipi? Meneja wa fedha alikuwa na jibu hata kabla sijawasha kompyuta.

"Tusiangalie uzito peke yake," aliniambia. "Uzito ni wa Mungu. Tuangalie uaminifu. Mkulima anarudi ama harudi? Kituo ambacho watu wake hawarudi ni kituo mfu."

Hoja ilikuwa na akili, nakubali. Nilivipanga vituo vyote kwa kipimo hicho. Kwingine kote wakulima walirudi mara kwa mara. Muthetheni peke yake walionekana kuja mara moja na kupotea. Linakuja jina na magunia kadhaa, kisha kimya msimu mzima. Linakuja jina jingine na magunia kadhaa, kimya. Meneja alikuwa amekwisha kuwabatiza: wakulima wa mara moja. Na alikuwa na maelezo. Hawa, alisema, wanatuonja tu, wakishatuonja wanakwenda kwa mabroka. Akaagiza grafu moja, nguzo fupi ya Muthetheni kando ya nguzo ndefu za wenzake, na juu yake kichwa cha mtindo ambao mimi mwenyewe niliufundisha ofisi ile: "Wakulima wa Muthetheni hawarudi."

Kilikuwa kichwa kizuri. Kifupi, kina kitenzi, hakizungukizunguki. Na mimi natoka Muthetheni.

Nilikiandika, nikakitazama, nikahisi kama mtu aliyeambiwa kwamba jamaa zake ni watoro. Nikaichukua data ile ile nikaichora upya. Safari hii niliondoa asilimia zote, nikapanga wiki za ununuzi moja baada ya nyingine, na kila muuzaji nikampa rangi yake. Picha iliyotokea ilinifanya nisogeze kiti. Nguzo zilisimama kama wanawake kwenye foleni ya bomba la maji: kila wiki moja, hakuna pengo hata dogo, rangi tofauti lakini kimo kinakaribiana. Inawezekanaje watu tofauti, wenye mashamba tofauti, katika mwaka wa jua kali, walete rundo lile lile kila mmoja kwa wiki yake?

Mojawapo ya zile nguzo, ya kijani, ilikuwa ya mama yangu. Shamba lake nalijua kwa miguu yangu. Linaanzia kwenye lango na kuishia kwenye mti wa mukau, na hata mwaka wa neema halijawahi kujaza magunia yale. Nikacheka peke yangu, kwa sauti.

Kwetu wanawake hawalimi peke yao. Wako kwenye mwethya, kikundi cha majirani kinachokwenda shamba hadi shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kupalilia, kuchimba matuta ya kuzuia udongo, kuvuna. Mwethya wa mama yangu ulikuwa umesonga mbele kidogo. Kituo kilikuwa hakipimi chini ya gunia lililojaa, na hakuna kati yao aliyeweza kulijaza peke yake kwa wiki. Basi wakachanganya. Kila siku ya soko ndengu za wote zilipanda mizani kwa jina la mmoja, na malipo yakawa yake; wiki iliyofuata, kwa jina la mwingine. Huyu alinunua tangi la maji, yule akaezeka jikoni. Karani alijua. Soko zima lilijua. Lakini fomu ya kampuni ina nafasi ya jina moja tu, na hilo moja ndilo lililosafiri hadi Athi River.

Wakulima wa mara moja hawakuwa wametuacha hata wiki moja. Walikuwa wakipokezana zamu.

Mwenzangu ninayeketi naye meza moja, kijana wa Syokimau anayetunza kompyuta za ofisi, alinyoosha shingo.

"Niaje, mbona unachekea kompyuta?"

Nikamwonyesha na kumweleza. Akapiga mluzi mdogo.

"Na huyu wa green ni mathako?"

"Ndiye."

"Basi nyamaza, msee. Ukisema ni mathako, watasema unatetea mboga yako. Ukikosa kusema na wajue, unaenda nyumbani. Hii ni mtego pande zote. Wewe chora ile grafu ya buda wako wa fedha, tuende tukule."

"Ile grafu ni ya uongo."

"Uongo wapi? Kila namba iko sawa."

"Namba ziko sawa. Sentensi iliyokaa juu yake ndiyo ya uongo."

Alinitazama kama mtu anayemtazama jirani akipanda juu ya paa wakati wa radi. Kisha akaenda kula.

Nilimpigia mama simu, akathibitisha, akashangaa kwamba jambo kama hilo linahitaji kuthibitishwa. Nikaipeleka picha kwa meneja wa fedha. Aliitazama kwa utulivu hadi nilipomaliza.

"Haya yote umeyatoa wapi?"

"Kwenye data yetu. Halafu nikamuuliza mama yangu. Anauza pale."

Akaegemea kiti, uso ukamchangamka. "Aaa! Sasa nimeelewa. Kumbe hii si ripoti, ni salamu kutoka nyumbani."

"Nitaandika wazi kwamba ni mama yangu."

"Data haisemi kikundi, mwandishi. Data inasema mtu."

"Data haisemi chochote. Sisi ndio tunaoisemea. Fomu iliuliza mtu, ikajibiwa mtu."

"Kikao ni Alhamisi. Utaonyesha grafu niliyokuambia. Hayo ya mwethya peleka kwa vitabu vyako."

Nilitoka pale na picha yangu mkononi. Mjini Machakos naambiwa ripoti si uandishi. Athi River naambiwa uandishi si ukweli. Kila upande ulitaka kunikata nusu na kubaki na kipande kinachoufaa. Niliamua kubaki mzima.

Niliandika ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ilisema: "Msifunge Muthetheni: wakulima wake huuza kila wiki, ila huja kwa jina la mmoja wao kwa zamu." Ya pili ilisema: "Aliyeandika ripoti hii ni mzaliwa wa Muthetheni na mama yake huuza katika kituo hicho, someni mkijua hivyo." Ile ya pili niliifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Ilikuwa kama kufungua mlango na kumkaribisha adui aketi. Mwishowe niliiacha ikae, palepale juu, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kusema aliigundua mwenyewe. Chini yake nikaweka picha mbili za namba zile zile: ya meneja, na yangu.

Alhamisi wakurugenzi walikuja. Mwenyekiti wao ni mama wa makamo ambaye alianza na kibanda cha nafaka, na bado hushika punje za ndengu kwa vidole anapozungumza, kama wengine wanavyoshika rozari. Nilionyesha grafu ya meneja kwanza, kwa kuwa ndiyo niliyoagizwa. Kisha nikaonyesha ya pili. Meneja akakohoa.

"Hii haikuwa kwa ajenda."

"Ni namba zile zile," nikasema. "Hakuna hata moja iliyoongezwa."

Mkurugenzi mmoja mwenye miwani aliinama mbele. "Msichana, unatuambia hawa wanawake wanapeana mavuno yao hivyo tu? Bure?"

"Si bure. Kwa zamu."

"Na yule wa kwanza akishapata, harudi tena?"

"Anarudi. Hiyo ndiyo picha mnayoiona. Ndengu zake zimo ndani ya nguzo za wenzake."

"Hiyo imani haiko hata kwa benki yangu," akasema, na wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amesimama na ukurasa wangu mkononi. "Mamako ni gani hapa?"

"Huyo wa kijani."

"Alinunua nini?"

"Mlango. Wa chuma."

"Mzuri?"

"Siku hizi hata mimi inabidi nibishe hodi."

Hapo naye akacheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimeshinda. Akaweka karatasi mezani.

"Sikatai maneno yako. Lakini siwezi kushikilia kituo kwa sababu kina hadithi tamu. Hao kina mama wajiandikishe, kila mtu na jina lake, kila mtu apimiwe zake. Hata zikiwa kilo chache, karani atapima. Wakikubali, kituo kitabaki, tutaona kama ni kweli wanarudi. Wakikataa, mizani ihame. Niletee jibu Alhamisi ijayo."

Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kila mtu aliona ni haki. Hata mimi, nikishuka ngazi, nilijaribu kuona ni haki.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kwenye kikao cha waandishi. Nilikwenda nyumbani. Mwethya ulikuwa uani kwa jirani, ukipura ndengu kwa fimbo juu ya turubai, maganda yakiruka. Mama aliniona kwanza.

"Mwiitu wakwa, binti yangu! Umekauka. Huko Athi River mnakula saruji?"

"Mwaitu, mama yangu, nimekuja na maneno ya ofisi."

"Maneno ya ofisi hayapuri. Shika fimbo."

Nikashika fimbo. Nikayasema nikipura, na mwanzoni hawakusikia kwa kelele, ilibidi nirudie. Nilipomaliza, fimbo moja baada ya nyingine ilinyamaza. Mwenye kikundi, mwanamke mwenye mabega mapana aliyekuwa akiimbia wengine mwendo wa fimbo, alijifuta uso kwa leso.

"Yaani mkubwa wenu anataka kila mtu alete kikombe chake?"

"Anataka kuona jina la kila mtu."

"Jina langu si analo? Aliliona wiki yangu."

Wakacheka. Mwingine, aliyekuwa na uteo mapajani, akadakia: "Mimi nikiuza kikombe changu peke yangu nitarudi nyumbani na chumvi na kiberiti. Kwa zamu nilinunua tangi. Tangi la maji, mimi! Hiyo chumvi nitaikinga mvua nayo?"

"Najua," nikasema. "Lakini mkikataa mizani itaenda. Mtarudi kwa mabroka."

Hapo hakucheka mtu. Walimjua broka. Gorogoro lake, kopo la kupimia, limepanuliwa tumbo, ukimwaga ndengu zako humo hazifiki ukingoni, naye anakutazama kama wewe ndiye uliyepunguza.

Aliyepata wazo alikuwa mke mdogo wa boma lile, aliyeolewa juzijuzi. "Si tuandike tu majina? Siku ya soko karani atugawanyie kwa karatasi, kila mtu kilo zake. Tukilipwa, tunampatia mwenye zamu. Mkubwa aone majina yake, na sisi tuone tangi letu."

Wote wakanigeukia. Na mimi, Mungu anajua, niliiona hiyo grafu. Niliiona imekamilika. Kila jina kila wiki, nguzo ya Muthetheni ndefu kuliko zote, meneja akishindwa hata kukohoa. Ingekuwa kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo ungetoa nini.

Mama alinitangulia. "Hapana. Karani ana watoto, akishikwa atakula nini? Na huyu wangu ndiye ataandika. Sitaki mkono wake uandike vile hatuko."

"Ni karatasi tu, mama wa huyu," mke mdogo akasema.

"Kama ni karatasi tu, mbona inahamisha mizani?" Mama alichukua fimbo yake. "Tumeiba cha nani hata tujifiche? Tukijificha leo, mwaka ujao watatupanga kama watu wasiojuana. Mwambie mkubwa wako hivi ndivyo tuko. Akitaka kutununulia, anunulie hivi. Asipotaka, tulikuwa hapa kabla ya mizani."

"Na umsalimie," akaongeza mwenye kikundi, na fimbo zikaanza tena.

Nilirudi Athi River na kazi ambayo hakuna mwongozo wa ripoti unaoifundisha: jinsi ya kumpelekea mtu wa biashara neno "hapana" lisilo lake. Nilikataa kulifunika kwa kitambaa. Lakini nilijua pia kwamba msomaji wangu, ukimpa "hapana" tupu, ataishika hiyo na kuondoka nayo. Ni lazima umpe kitu cha kufanya kabla dereva hajapiga honi. Nikaandika: "Kina mama wa Muthetheni wamekataa kujiandikisha mmoja mmoja; kinachofaa kubadilika ni fomu yetu."

Kisha grafu moja tu. Safari hii sikuchora watu. Niliuhesabu mwethya mzima kama muuzaji mmoja, nikauweka kando ya wauzaji waaminifu wa vituo vingine, wale ambao meneja aliwasifu. Kila mmoja wao alikuwa na wiki alizokosa: pengine mtoto mgonjwa, matanga, punda aliyekwama. Mstari wa mwethya haukukatika popote, kwa sababu mmoja akikosa wengine hubeba. Juu yake nikaandika: "Muuzaji anayerudi kuliko wote ni kikundi cha Muthetheni." Na chini kabisa nikaandika tusichokijua, kwamba hatuna data ya mwaka ambao ndengu zimekosekana kabisa.

Meneja aliisoma kabla ya kikao, kalamu mkononi.

"Hili neno 'wamekataa' ni kali. Weka 'wanaendelea kushauriana.'"

"Hawashauriani. Wamemaliza."

"Unawafungia kituo wewe mwenyewe, unajua? Kwa neno moja."

"Pengine. Lakini sitakifungua kwa uongo."

"Na hii ya mwisho, ya kusema hatujui. Nani huandika hivyo kwa ripoti? Unampa mtu sababu ya kukataa."

"Ninampa sababu ya kuamini yale mengine."

Akafunika kalamu yake. "Jina langu litoke."

"Basi libaki langu."

Nilisema hivyo kwa sauti imara, kisha nikaenda chooni nikashika sinki kwa mikono miwili. Ushujaa ni kitu rahisi kwenye riwaya. Humo hakuna mwanamke mwenye uteo atakayerudi kwa broka kwa sababu yako. Nilijua kwamba nikikosea, mama hatanilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwenyekiti aliisoma Alhamisi akiwa amesimama, kama kawaida yake. Alifika chini, akarudi juu.

"Wamekataa," alisoma kwa sauti.

"Wamekataa, mama. Na wanakusalimia."

Yule wa miwani alicheka puani. Mwenyekiti alikuwa akichezea punje vidoleni. "Mvua ikikosa kabisa, zamu ikakatika katikati, wale hawajafikiwa watarudi?"

"Sijui. Namba zetu hazijafika huko."

"Hujui."

"Naweza kukisia. Lakini itakuwa kukisia, na utakuwa hujui ni mahali gani nimekisia."

Meneja alitazama dari. Mashine za kusafishia zilinguruma chini ya sakafu. Kisha mwenyekiti akaweka karatasi mezani na kuilaza vizuri kwa kiganja.

"Nilipokuwa na kibanda, watu walioniambia 'ndiyo' na kukosa kurudi ndio walionipa hizi mvi. Mizani ibaki Muthetheni. Msimu huu, na tuone ujao." Alimgeukia meneja. "Kama bado ni lazima tufunge kimoja, nileteeni kingine, na kiandikwe hivi. Kwanza muulize watu wake wanauza vipi."

Haikuwa sherehe. Mahali pengine, mbele yetu, kulikuwa na kituo kitakachoandikwa, na mwandishi ni mimi. Niliapa moyoni kwamba kabla sijaweka kitenzi juu ya watu wale nitakwenda kusimama kwenye mizani yao. Mshairi wangu na aendelee kucheka.

Alasiri hiyo meneja alivuta kiti hadi mezani kwangu, tukaifungua fomu ya makarani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uchovu wa mtu anayejua kuhesabu na ameambiwa ahesabu upya.

"Haya, mwandishi. Hii safu mpya tuiite nini?"

"Mwethya."

"Hilo si neno la ofisi. Weka 'kundi la wazalishaji.'"

"Hawajiiti hivyo. Karani akiwauliza kundi la wazalishaji, watatazamana."

"Na wakaguzi wa hesabu? Wataelewa vipi?"

"Watauliza. Wakiuliza, tutawaambia."

Aliweka vidole kwenye kibodi, akangoja nilegee. Sikulegea. Akaliandika.